Ufuo Ulio Ndani ya Nyumba

Zuhura hapigi simu kusalimia. Kwa miaka yote niliyomjua, akipiga ana habari au ana agizo, na salamu huja mwishoni akikumbuka. Wiki iliyopita alinipigia asubuhi na mapema akasema, "Wakesho, mama ametutoka. Twamzika baada ya adhuhuri inshallah. Njoo mapema. Ufuo ushafunguliwa." Nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi, machozi yananitoka, na katikati ya machozi nikajikuta natabasamu kwa sababu ya neno lile moja. Mtu mwingine akilisikia hufikiria mchanga mweupe na watalii wa Shanzu. Mimi pia nilifikiria hivyo, mwaka ule nilipopelekwa Junda, huko Kisauni, na kalamu zangu, futi ya kupimia na kamera ya ofisi, nikachore nyumba ya mawe iliyoanguka nusu. Tangu hapo nimechora shule, maghala na hoteli, na nikiulizwa nilisomea wapi hutaja chuo, maana ndicho kilichonipa cheti. Lakini kujua nyumba ni kitu gani, hilo nilijifunza kwa mamake Zuhura, Bi Mwanakombo.

Nilikuwa kijana, kazi ndiyo ya kwanza, na nilikwenda nikijiona. Ofisi iliyofadhili ukarabati wa nyumba za kale ilitaka kila kitu kiwekwe kwenye karatasi na picha: nyumba ilivyokuwa kabla ya kuguswa, inavyoguswa, na itakavyosimama mwishoni. Nilidhani ni kazi ya kupima na kuandika. Nilipoiona nyumba yenyewe maringo yaliniisha. Mvua za masika zilikuwa zimeuangusha upande wote wa mbele. Mawe ya matumbawe yalilala uani chungu chungu, boriti za mikoko zimechomoza katikati yake, na ngazi ya mawe ilipanda vizuri ukutani ikaishia hewani. Kilichosimama kilikuwa nyuma: chumba cha kulala, na nyuma yake chumba kingine kidogo kisicho na dirisha hata moja. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba nikisimama mlangoni na kunyoosha mkono, vidole havikufika upande wa pili. Mimi nilikulia Changamwe nikiona nyumba za matofali zikijengwa mwezi huu na kuhamiwa mwezi ujao. Sikuwa nimewahi kuona kazi ya watu waliojenga kana kwamba vitukuu wao walikuwa wamesimama hapo wakiwatazama. Nilisahau hata kutoa kamera mkobani.

Na katika nusu ile iliyosimama alikuwa akiishi mtu. Bi Mwanakombo alitoka na kanga zake mbili, mwembamba, macho makali, akanitazama kuanzia viatu. "Shikamoo Bi," nikasema. "Marahaba mwanangu. Wewe ndiwe ulotumwa kupima?" Nikasema ndiye mimi. "Basi anza kupima hichi kikombe, uone kama chai yatosha." Nikaketi, nikanywa chai ya tangawizi iliyonichoma koo, na juu ya kichwa changu dari lilikuwa na ufa ambao mwanga wa jua ulipitia. Yeye hakuutazama hata mara moja. Alikuwa akiniuliza habari za kwetu kwa utulivu wa mtu aliyekaa sebuleni siku ya Idi.

Fundi mkuu alikuwa Karisa, Mgiriama wa huko huko Kisauni, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Alijisifu bila haya yoyote. "Mimi hapa," alikuwa akisema, "chokaa yaniogopa!" Bi humjibu, "Karisa, lau kuta zajengwa kwa maneno, nyumba hini ungekuwa ushaifikisha mbinguni." Mimi Karisa alinibandika jina la Bi Ramani, na hadi leo wako watu Junda wasiojua kwamba nina jina jingine. Siku za mwanzo alichimba shimo uani, akatia chokaa mbichi iliyochomwa kutokana na matumbawe, kisha akaimwagia maji. Hapakuwa na moto, lakini ile chokaa ilianza kutokota, ikapasuka na kutoa mvuke mpaka tukarudi nyuma sote. Nilisimama nimeshika kalamu bila kuchora chochote. "Jiwe linachemka, Bi Ramani," Karisa akaniambia, na kwa mara moja hakuwa akijisifu. "Lilitoka baharini likapita motoni, sasa larudi kwa maji. Liache lilale, litaamka likiwa jiwe tena." Nimeshuhudia mambo mengi ya kiufundi tangu siku hiyo, mengine yakiendeshwa na mashine kubwa kuliko nyumba yenyewe, na hakuna lililonishika namna ile.

Mchana tulikula katika chumba cha Bi, juu ya mkeka, vumbi la kuta likiwa nyweleni mwetu. Zuhura, bintiye wa pekee aliyeolewa Mkomani, alikuja kila siku na sufuria zake: wali wa nazi, samaki wa kupaka, achari ya embe. Karisa naye alibeba sima na mchunga alioupika mkewe, mboga chungu ya kukunja uso, na kila mara mkono wa Bi Mwanakombo ulimwacha samaki ukaelekea kwenye mchunga. "Mama, mimi naamka alfajiri nakuna nazi!" Zuhura alilalamika. "Na mkono wako ni mzuri," Bi akajibu akitafuna, "lakini uzee wataka kitu cha kuuamsha." Tulicheka, na Zuhura alikasirika kweli kweli, kwa sababu hasira yake haikuwa ya samaki. Alikuwa akitaka mamake ahame, naye mama hataki, na kila sufuria iliyokuja Junda ilikuja na ombi hilo chini ya kifuniko.

Ombi lenyewe nililisikia siku moja bila kukusudia. Nilikuwa nimeingia katika kile chumba cha ndani kisicho na dirisha kupima pembe zake, nao wawili walikuwa upande wa pili wa mlango. "Mama, twende Mkomani," Zuhura alisema. "Chumba chako ki tayari. Maji yatoka mferejini, taa i juu. Hapa dari litakuangukia." Bi akauliza, "Na ufuo wangu?" "Mama, mambo hayo ni ya zamani." "Nakuuliza. Nikiondoka, ufuo wangu namwachia nani? Si waja kuvunjwa na watu wasioujua?" Nilishikilia futi yangu nikashangaa. Kumbe huyu bibi anayelala chini ya dari lenye ufa ana kiwanja pwani! Nikamjengea hoteli kichwani papo hapo, ya ghorofa, na bwawa la kuogelea mbele. Jioni, tulipokuwa tukikunja mkeka, nikamuuliza kwa adabu zote, "Samahani Bi, nimesikia una ufuo. Uko Shanzu au Bamburi?"

Zuhura alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Bi Mwanakombo hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono akanirudisha katika chumba cha ndani, akasukuma kitanda kibovu na nyavu kuukuu, kisha akakunja jamvi. Sakafuni, sambamba na ukuta, palikuwa na mchirizi mpana usio na kina kirefu, laini, ulioinama kidogo kuelekea tundu lililozibwa kwa jiwe. "Ufuo ni hunu," akasema. "Wa nini, Bi?" "Wa kuoshea maiti. Maji yapita hapa, yatoka kule, yaingia shimoni, hayakanyagwi na mtu. Nyanyangu alioshewa hapa. Mamangu nilimuosha mimi hapa, kwa mikono hini. Nami nilizaliwa pembeni pale." Akanyoosha kidevu kuelekea pembe niliyokuwa nimemaliza kuipima. "Hichi ndicho tukiitacho nyumba ya kati. Zuhura ataka akanioshe chooni Mkomani." "Mama!" "Nasema uwongo?"

Nilichuchumaa nikaugusa ule mchirizi. Ulikuwa wa baridi na hauna mkwaruzo hata mmoja, umelainishwa na maji ya watu ambao majina yao Bi angeweza kuyataja moja moja. Chuoni nilifundishwa kwamba kila chumba kina kazi yake: kupika, kulala, kupokea wageni. Hakuna aliyenifundisha kuna chumba kazi yake ni kungoja. Watu wa pale wana neno moja kwa mahali bahari inapokoma na mahali mtu anapomwagiwa maji yake ya mwisho, na baada ya kuushika ule mchirizi sikuona haja ya kuuliza kwa nini. Niliogopa, nasema wazi, lakini ilikuwa hofu ya kumfanya mtu avue viatu, wala si ya kumkimbiza. Nilivivua viatu na tangu siku hiyo sikuingia navyo tena.

Haikupita muda akaja mhandisi wa ofisi, kijana mstaarabu mwenye kofia ngumu ya kazi. Aliukagua ukuta wa nyuma wa nyumba ya kati, akaona umefura tumbo kuelekea ndani, na hapo hakukosea, mimi mwenyewe nilikuwa nimeupima. Akafungua ramani ya awali, iliyochorwa na mtu aliyechungulia mlangoni akaona nyavu na kitanda kibovu. "Hii stoo ivunjwe kabla mvua za vuli hazijafika," akasema. "Ukuta huu ukianguka utauangusha hata mwingine. Tutawajengea stoo nzuri zaidi, mama." Bi Mwanakombo alinigeukia. "Amesema stoo?" Nikainamisha kichwa. Yeye akaondoka akaenda kukaa kitandani kwake, ameupa mgongo mlango, na hakula chochote mchana ule, hata mchunga. Karisa akambembeleza mhandisi kwa maneno yake yote mpaka wakaafikiana: akirudi akute ukuta umetulia, chumba kitaachwa. Akikuta bado, basi.

Mhandisi alipoondoka Karisa aliugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akiegesha sikio, kuanzia chini hadi mkono wake ulipofika. Mlio ulikuwa mzito, wa kitu kilichojaa maji. "Ukuta wa chokaa hunywa maji wakati wa mvua," akaniambia, "jua likitoka hupumua ukayatoa. Huu umezibwa mdomo. Umekunywa mwaka baada ya mwaka na hauna pa kutolea." Kilichouziba ni plasta ya simiti, ngumu, ya kijivu, iliyopakwa chumba kizima, kama ilivyopakwa ule upande wa mbele ulioanguka. Tungeibandua ukuta ungeweza kukauka, au ungeweza kuja chini wote siku hiyo hiyo. Lakini si hilo lililotufanya tutazamane. Juu ya mlango, kwa ndani, mtu alikuwa ameandika kwa msumari simiti ikiwa mbichi: ATHMANI NA MWANAKOMBO. Bwana Athmani alikuwa mumewe Bi, marehemu, kuli wa bandarini. Kila mtu Junda alikuwa ameshanisimulia jinsi alivyoileta simiti ile mfuko baada ya mfuko na kuipaka mwenyewe, ili nyumba ya mkewe iwe ya kisasa, na jinsi majirani walivyokuja kuipapasa. Tungemwambiaje mjane kwamba zawadi ya mumewe ndiyo iliyoangusha nyumba ya mamake?

"Wewe ndiwe mwenye ramani, mwambie," Karisa akanong'ona. "Wewe ndiwe unayeogopwa na chokaa, mwambie wewe," nikamjibu. Tulikuwa tukisukumana hivyo tuliposikia sauti mlangoni. "Mwanong'ona nini? Ni simiti?" Bi Mwanakombo alikuwa amesimama pale, ameegemea kizingiti, na Zuhura nyuma yake. Karisa akaweka nyundo chini. "Nalijua," Bi akasema. "Chumvi ilianza kutoka ukutani Athmani akiwa hai bado. Akenda kazini, nami huikwangua, nikapaka chokaa juu yake, akirudi auone mweupe. Alikuwa akiupenda ukuta hunu. Akileta wageni huwaonyesha." Zuhura akasema kwa sauti ndogo, "Mama, miaka yote hiyo?" "Alikuwa mume wangu," Bi akajibu. "Nimsitiri nani kama si yeye?"

Nimeolewa, nimefiwa, nimelea watoto, na bado sijasikia maneno ya mapenzi yaliyonishinda kama hayo. Huko kwao nyumba ni sitara kabla ya kuwa kitu kingine chochote, inaficha uchi wa wenyewe, na huyu mama alikuwa ameificha aibu ya mumewe kwa burashi ya chokaa mpaka nusu ya nyumba ikamwangukia. Sasa ilimbidi achague kati ya sitara ya mumewe na ufuo wake mwenyewe, mbele ya fundi na msichana wa ofisi. Aliyatazama yale majina juu ya mlango. Mwishowe akaniambia, "Si kazi yako kuchora? Basi chora kwanza yale maandishi. Yachukue vile yalivyo." Nilipanda ngazi, nikabandika karatasi juu ya mlango, nikaisugua kwa kipande cha mkaa, na yale majina yakajitokeza herufi baada ya herufi, pamoja na mahali msumari ulipoteleza kwenye M. Bi alikuwa amenishikia ngazi. Nilipomkabidhi karatasi aliitazama, kisha akanyanyua uso kwenye ukuta akasema, "Athmani, niwie radhi. Ulinivisha wewe, nami navua." Akamgeukia Karisa. "Piga."

Tuliukinga ukuta kwa magogo pande zote mbili, na Karisa akaanza na tindo, ubavu baada ya ubavu, kwa upole ambao sikujua anao. Bi alikataa kutoka. Aliketi kizingitini na tasbihi yake. Simiti ilianguka kwa vigae vikubwa, na nyuma yake ukuta ulikuwa mbichi kama udongo wa shamba. Pembe moja, ile ambayo Karisa alikuwa ameapa kwamba ni nzima kabisa, ilimomonyoka kwa kishindo, na vumbi likatufunika, Zuhura akapiga kelele. Nilidhani ndiyo mwisho. Kisha sote tukasikia ukimya. Magogo yalikuwa yameshika. Vumbi lilipotulia Karisa alikuwa mweupe kuanzia kope hadi kucha, na Bi akamwambia, "Leo hii chokaa haikukuogopa." Tulikuwa bado tunacheka, kicheko cha watu waliookoka, Zuhura aliposema, "Tazameni."

Mahali simiti ilipotoka na plasta ya kale ikatoka pamoja nayo, palikuwa na vidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu. Vilijipanga safu juu ya ufuo, vimejazwa vifusi na kuzibwa na mikono ya watu wa kale, kila kimoja na tao lake, na mapambo ya majani yamechongwa kuzunguka matao. Karisa aliondoa vifusi kwa vidole. Ndani ya kidaka cha kwanza, juu, palikuwa na doa jeusi. Nikaligusa, kidole changu kikatoka na masizi. Yalikuwa masizi ya taa ya mafuta. Mtu alikuwa ameiweka hapo taa ili wanaoosha waone, na moshi wake ulikuwa bado umeshika. "Hata mimi sikuvijua," Bi Mwanakombo akasema. Alikuwa ameinuka. "Wala mamangu." Alipitisha kiganja juu ya kila kidaka, kimoja baada ya kingine, akitaja Bismillahi. Nilikuwa na kamera shingoni, na ndiyo picha pekee ya mwaka ule ambayo sikuipiga mpaka kesho yake.

Ukuta ulikunjua tumbo lake polepole kadiri ulivyokauka. Karisa aliumiminia uji wa chokaa katika kila ufa, akaijenga upya pembe iliyoanguka, na mhandisi aliporudi alivua kofia yake akasimama mbele ya vidaka bila kuuliza habari za stoo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nirekebishe ramani. Niliandika "nyumba ya kati", na chini yake "ufuo".

Upande wa mbele ulipokwisha kuinuliwa tena, kilichobaki kilikuwa paa na sakafu, na hapo kazi haikuwa ya mafundi tena. Wanawake wa Junda walikuja, wa Kiswahili na wa Kigiriama, kila mmoja na kipande chake cha ubao, wakapanda juu ya paa jipya la chokaa na kokoto, wakakaa kwa safu, wakaanza kulipiga. Chokaa ya paa na ya sakafu haitaki kulainishwa tu, yataka ipigwe kwa siku nyingi mpaka ijifunge yenyewe, na ili mikono isichoke wanawake huimba, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia kwa mbao zao. Nilipewa ubao nikakaa kati ya Zuhura na mke wa Karisa. "Piga, usiipapase!" Bi alinipigia kelele kutoka uani. "Hini si mtoto mchanga!" Nikapiga. Nyumba nzima ilitetema kwa nyimbo zile hadi kwenye vidaka, na nilipoweka kiganja ukutani wakati wa kushuka niliuhisi mdundo ndani ya mawe.

Mwisho kabisa tulipiga sakafu ya nyumba ya kati, na Karisa akamwaga beseni la maji kuijaribu. Maji yalishika ufuo, yakateleza hadi tunduni, yakatoka. Yaliyobaki yakakaa juu ya sakafu yaking'aa. Tulingoja. Polepole yakapungua kingoni, yakapungua, yakaisha. "Waiona?" Karisa akaniambia. "Yanywa." Zuhura alitazama, akashika njia ya jikoni, na ombi la Mkomani sikulisikia tena.

Karisa alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa iliyopita. Wiki iliyopita nilifika Junda nikakuta uani kumejaa viatu. Mimi si wa dini yao, kwa hiyo niliketi katika chumba cha Bi, nje ya pazia, wakati Zuhura na wenzake wakimuosha. Harufu ya udi na kafuri ilinifikia. Nilisikia maji yakimwagwa, kisha nikayasikia yakikimbia kando ya ukuta, sauti nyembamba, yakatoka upande wa pili. Nilijua kila hatua ya njia yao. Niliweka kiganja ukutani, nao ulikuwa mkavu.

Wanaume walipokwisha kulichukua jeneza, Zuhura aliniita ndani. Nilivua viatu. Katika kidaka chenye doa la taa palikuwa na karatasi yangu ya mkaa, imewekewa kioo, ATHMANI NA MWANAKOMBO, na M iliyoteleza. Sakafu ilikuwa bado na maji hapa na pale. Nikauliza kama tupanguse. "Acha," akasema. Tukasimama kando ya mlango, mabibi wawili wenye magoti mabovu, tukiyatazama maji yakijikunja kingoni, yakipungua, mpaka sakafu ikawa nyeupe yote.

"Na mimi ni hapa hapa, Wakesho," Zuhura akasema. "Nishawaambia wanangu."

Kisha akajifuta macho kwa kanga, akanigeukia, ndipo akakumbuka. "U hali gani, dadangu?"